Chema Chajiuza? Waulize Wafumaji wa Ukambani

Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Walakini kiondo cha Ukambani ni chema, tena chema sana, nacho kila zama kimelazimika kutembezwa.

Mwanamke wa Kitui au Makueni husokota nyuzi za katani pajani, kisha akafuma hata akiwa njiani. Kabla ya katani kuenea, nyuzi zilitoka katika magome ya miti, mbuyu ukiwamo. Kiondo kilikaa mgongoni, ukanda wake ukipita kwenye paji la uso, kikachukua mahindi na kunde. Mteja alikuwa mfumaji mwenyewe, au binti yake, au jirani. Tangazo la nini?

Miaka ya 1970 na 1980 akaja mteja mwingine, mtalii na bibi wa Ulaya na Marekani. Huyo hubeba begani, hana haja ya paji la uso. Basi kiondo kikatiwa mikanda ya ngozi na rangi za kumpendeza. Soko likanoga, hata viwanda vya Asia vikaiga kwa mashine na kuuza kwa bei ya chini.

Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, kwa faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Ilidhaniwa kiondo kitarudi sokoni kwa kishindo. Wapi! Mnunuzi wa sukumawiki alitaka mfuko wa shilingi chache, na mifuko rahisi iliyofanana na kitambaa ikaziba pengo.

Ndipo wauzaji wakageuza maneno. Siku hizi hawauzi chombo, wauza mkono wa mfumaji. Kiondo hutiwa bitana na zipu, hupigwa picha kwa simu, hulipiwa kwa M-Pesa. Kingine huwekwa sebuleni, kikapandwa maua! Ni werevu huo. (Sisi wa pwani, na mikeka yetu ya ukindu, wengi bado twamngoja mtalii mlangoni.)

Ila nyuzi za kiwandani zikichanganywa na katani, mnunuzi na aambiwe. Fiqhi ya biashara yataka aibu ya bidhaa itajwe. Tena msemaji wa maneno hayo matamu aghlabu ni mchuuzi wa mjini, si mfumaji. Pale akina mama wa mwethya wanapouza wenyewe, hujua rangi atakayo mteja, na bei huitaja wao. Kwingine hupokea watakachopewa.

Kikaratasi kinachoning'inia mkandani hutaja katani, hutaja Makueni, pengine na jina la mama aliyefuma. Ujira wake sijauona ukitajwa.