Ada Isirudi Jioni

Ada ya shule ilikwisha kuondolewa. Tangu Januari 2016 elimu ya Serikali hutolewa bila ada kuanzia awali hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 vikaongezwa kidato cha tano na cha sita. Lakini pengine ada hiyo hurudi jioni, ikiitwa tuisheni.

Hatusemi kuwa kumfundisha mtu mmoja mmoja ni kosa. Sisi wa Pwani tumelelewa hivyo: chuoni kila mtoto husoma peke yake mbele ya mwalimu, wala hasogezwi mbele mpaka alichosomeshwa kimwingie. Tena mwaka 1971, Mafia, kisiwa kinachotazamana na Delta ya Rufiji, kilikuwa miongoni mwa wilaya sita zilizochaguliwa kuongoza vita dhidi ya ujinga. Aliyejua alimfundisha asiyejua, na ujinga ukarudi nyuma.

Tunachokataa ni somo kufundishwa nusu darasani, na nusu nyingine kuuzwa jioni. Kibiti mjini, kando ya barabara ya Lindi, mzazi mwenye duka aweza kununua nusu hiyo. Je, mkulima wa mpunga wa Kiongoroni, au mvuvi wa kamba wa Salale, ambaye hata safari yake hungoja maji kujaa, atainunua kwa nini? Mafuriko ya Aprili 2024 yalipofunika mashamba ya Rufiji na Kibiti, wengi walitafuta chakula kwanza. Hata hivyo watoto wote hawa hufanya mtihani mmoja, na wakifika kidato cha kwanza wote hukutana na masomo kwa Kiingereza.

Mwalimu naye ni mfanyakazi. Hatuwezi kumtaka aache tuisheni huku hana nyumba karibu na shule. Kwa hiyo twasema: Serikali ijenge nyumba za walimu kwanza huko visiwani, mwalimu naye atimize somo lake lote darasani, na kamati za shule ziweke saa za jioni, bila malipo, kwa watoto waliobaki nyuma. Vijana waliomaliza kidato cha nne na cha sita wamo vijijini. Nao wasaidie, kama walivyosaidia wazee wao mwaka 1971.

Ndugu wanachama, msingoje amri. Kikao kijacho cha tawi ulizeni: katika kijiji chetu, ni mtoto gani asiyejua kusoma, na nani atakayemfundisha?