Khwisero: Ekari ya Babu Ikigawanywa Mara ya Tatu

Huenda jina Khwisero umelisikia tu kwa jirani yako wa ploti, yule anayengoja gunia la mahindi kutoka nyumbani kila Agosti. Ni soko dogo katika Kaunti ya Kakamega, nchi ya Wakisa, mojawapo ya jamii za Waluhya. Kaskazini wamepakana na Wamarama, mashariki na Waidakho, na kuelekea mto Yala wako Wanyore na Wajaluo wa Gem. Si ajabu kumpata mzee wa Kisa anayesema Kijaluo kama aliyezaliwa nacho.

Zamani chakula cha huku kilikuwa wimbi na mtama. Mahindi meupe yalikuja na serikali ya mkoloni, pamoja na kodi ya nyumba, na kodi ndiyo iliyowatoa vijana makwao kwenda kutafuta vibarua. Wamisionari nao hawakuchelewa. CMS walifungua kituo Butere mwaka 1912, na kutoka Kima kule Bunyore, Church of God wakavuka hadi Mwihila, ambako shule na hospitali zipo hata leo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 reli ya kutoka Kisumu ikafika Butere, na mazao ya majirani hawa wote yakapata njia ya kutokea. Watu nao wakaipanda. Ndiyo sababu mitaa ya Nairobi na Mombasa ina Wakisa wengi hivyo!

Lakini kinachowakosesha watu usingizi Khwisero siku hizi ni ardhi. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 110,000 katika eneo la takriban kilomita 145 za mraba. Babu aliyekuwa na ekari sita aliwagawia wanawe watatu, kila mmoja akapata mbili. Mmoja wao ana wavulana wanne. Piga hesabu mwenyewe, na usisahau nyumba, zizi, makaburi na ile mikaratusi ya kuuza nguzo.

Juu ya udogo huo kuna kayongo, lile gugu lenye ua la zambarau la kupendeza macho. Hujishikiza kwenye mizizi ya mahindi na kuyanyonya yakiwa bado machanga, hata mkulima akadhani ni kiangazi. Mche mmoja hutoa mbegu kwa makumi ya maelfu, nazo hukaa udongoni zaidi ya miaka 10 zikingoja. Kung'oa likishamwaga mbegu ni kazi bure. Afadhali mbinu ya sukuma-vuta iliyotokana na watafiti wa ICIPE kule Mbita: unapanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi na napia pembeni. Desmodiamu huzuia kayongo na kumfukuza nondo wa kipekecha shina, napia humvuta nje. Zote mbili ni lishe ya ng'ombe, na ng'ombe hurudisha samadi shambani. Kwa mwenye nusu ekari, naona hii ina maana kuliko miwa, ambayo hukaa shambani mwaka mzima na zaidi. Waliokuwa wakiitegemea Mumias wanajua walivyoumia kabla kiwanda hakijawekwa chini ya mrasimu mwaka 2019.

Na hapa, ndugu msomaji wa mjini, ndipo nawe unapoingia. Mashamba mengi bado yana hati yenye jina la marehemu babu. Anayelima ni shangazi au kaka aliyebaki, naye hathubutu kupanda kitu cha miaka mingi kwa kuwa hajui kesho mpaka utapita wapi. Huwezi kuuza wala kugawa kihalali kabla ya mahakama kutoa idhini ya urithi, na safari hiyo huanzia kwa barua ya chifu inayotaja warithi wote. Wote maana yake ni wote: Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, haimbagui binti, hata akiwa ameolewa. Wazee wengi hawapendi kulisikia hilo, na kesi nyingi huzaliwa hapo.

Desemba familia nzima itakuwa nyumbani kwa Krismasi, kuku atachinjwa, mrenda utapikwa. Kabla mabasi hayajaanza kurudi, ombeni hati itolewe sandukuni na isomwe mbele ya wote, dada wakiwemo.