Jembe Si Adhabu

Wazazi wenzangu, nanyi walimu mnaostahili kila heshima, kuna kauli inayonichoma kila niisikiapo: "Usiposoma utaishia VETA." Tunaitamka mbele ya watoto kana kwamba chuo cha ufundi ni jela. Shuleni nako, aliyechelewa namba hupewa jembe akalime. Aliyepiga kelele darasani hufyeka nyasi. Miaka kumi na moja tunamfundisha mtoto kwamba kazi ya mikono ni adhabu, kisha akimaliza kidato cha nne tunamshangaa akikaa barazani na bahasha ya vyeti akingoja ajira ya ofisini. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo!

Nani asiyejua kwamba Nabii Nuhu aliunda safina kwa mikono yake, Nabii Daudi alifua deraya za chuma, na Yesu alilelewa katika nyumba ya seremala? Randa na nyundo hazikuwapunguzia hadhi mbele ya Mungu. Mwalimu Nyerere naye alitukanya mapema. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule iwe na shamba, wanafunzi wazalishe huku wakijifunza. Sisi tukalichukua shamba hilo tukaligeuza mahali pa kutumikia makosa. Azimio la Musoma la 1974 likataka kijana afanye kazi kwanza ndipo aende chuo kikuu. Nalo tukaliacha likafa.

Sasa, tangu 2024, mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, umeingia sekondari. Ni jambo la heri, lakini nasikia wazazi wakinong'ona kwamba huko ni kwa watoto wa wenzao. Jamani! Vitanda tunavyolalia na makabati tunayojivunia mbele ya wageni yametoka kwa vijana mafundi wa Keko, Dar es Salaam, si kwa mwenye shahada anayezunguka na barua. Achanikaye kwa mpini hafi njaa. Sisi ni wazao wa waunda majahazi na wafua vyuma. Uhodari huo haujatutoka.

Na ninyi mafundi, msishangilie. Hii "njoo kesho" yenu mmeitoa wapi? Mama anapeleka kitambaa mwezi mzima kabla ya Idi, nguo inatoka Idi imepita. Malipo ya awali mmekwisha kuyala, simu hampokei. Mnawapa wazazi sababu ya kuwaficha watoto wao msije mkawafunza uongo. Ukimwahidi mteja Ijumaa, mpe nguo yake Ijumaa.