Kiwanja, hisa au ZSSF? Akiba nyingi za Unguja zimepakiwa jahazi moja

Dalali wa samaki kwenye mnada wa Malindi, hamali wa bandarini na karani wa boti za Dar wanafanya kazi hatua chache tu mmoja na mwenzake. Uzeeni hawatakuwa sawa. Karani mwenye mkataba anakatwa mchango wa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar (ZSSF) kila mwezi, na mwajiri wake anaongeza fungu lake. Dalali na hamali hawakatwi kitu, na hakuna wa kuwaongezea kitu.

Basi wanajitafutia wenyewe. Na hapa Unguja, kujitafutia karibu siku zote maana yake ni kununua kiwanja.

Si ujinga. Benki ina suala la riba, shilingi haina uhakika, na kiwanja unakiona kwa macho. Fumba, ambako watu wanakumbuka vichaka na mawe, leo ina mji mpya wenye nyumba zinazotangazwa kwa dola. Mgeni akinunua nyumba ya kuanzia dola 100,000 kwenye miradi iliyoidhinishwa anaweza kupata kibali cha ukaazi, yeye na familia yake. Aliyekuwa na kipande karibu na huko miaka kumi iliyopita hahitaji kuelezwa na mtu faida ya ardhi.

Lakini kuna mambo mawili ambayo kwenye mazungumzo ya barazani huwa yanapitwa haraka.

Unachonunua hasa ni nini?

Kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1992, ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma. Mtu anapewa haki ya kuitumia, na kumhaulishia mwingine haki hiyo kunahitaji idhini ya Bodi ya Uhaulishaji Ardhi. Wanunuzi wengi wadogo hawafiki huko. Wanaishia na karatasi ya mauziano na muhuri wa sheha, halafu wanaanza kushusha matofali.

Sheha ni shahidi. Hatoi hati. Ikija kujulikana kwamba kiwanja kimekatwa kutoka eka tatu za mtu mwingine, zile zilizogaiwa na Serikali baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa masharti yake, karatasi hiyo itakuwa na kazi ngumu mbele ya Mahkama ya Ardhi. Hapo msingi umeshajengwa na hela imeshazama.

Na hata hati ikiwa safi, nyumba haiuziki vipande. Mtoto akihitaji ada au mzee akihitaji kupelekwa hospitali Dar, huwezi kuuza dirisha moja. Mwenye nyumba akifa, mirathi inaigawa kwa watu ambao wengine wako Muscat, wengine London. Mji Mkongwe una majumba ya namna hiyo: kila mrithi ana haki yake, hakuna anayetaka kutoa pesa ya chokaa na boriti, na kuuza hawakubaliani.

Kumbe na pensheni imo kwenye matofali

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Wengi wanadhani kuchagua kati ya kiwanja na ZSSF ni kuchagua vitu viwili tofauti kabisa. Ukitazama mali za Mfuko wenyewe, tofauti inapungua. Michenzani Mall ni ya ZSSF. Nyumba za Mbweni ni za ZSSF. Kiwanja cha kufurahishia watoto cha Kariakoo pia. Mfuko una fedha sehemu nyingine, zikiwemo benki, lakini sura yake mtaani ni ya majengo.

Sasa majengo hayo yanategemea nini? Mpangaji wa fremu Michenzani anategemea mteja mwenye mshahara. Mwenye mshahara, mara nyingi, anaupata hotelini, kwenye boti, uwanja wa ndege, au serikalini ambako sehemu kubwa ya kodi inatokana na hao hao wageni. Bei ya kiwanja cha Fumba, Paje au Nungwi nayo inamfuata mgeni. Hata dalali wa samaki pale Malindi, pweza na ngisi wake wazuri wanaishia kwenye sahani ya mtalii.

Yaani kipato cha leo, kiwanja na pensheni vinavuta kamba moja.

Kamba hiyo imeshawahi kukatika. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 538,000. Mwaka 2020, korona ilipofunga anga kwa miezi kadhaa, waliingia kama 260,000, chini ya nusu. Biashara imerudi, na kwa kishindo: mwaka 2024 idadi ilipita 736,000. Ndiyo maana onyo la 2020 limesahaulika mapema.

Haki isemwe kwa upande wa ZSSF. Aliye kwenye mpango wa lazima, pensheni yake inakokotolewa kwa kanuni iliyowekwa kisheria. Haishuki mwezi huu kwa sababu fremu mbili za mall zimekosa mpangaji. Mwenye nyumba yake binafsi ya kupangisha hana kinga hiyo. Mgeni asipokuja, kodi haiji.

Hisa zina mlango mwembamba

Kimsingi, dawa ya kutegemea kisiwa kimoja ni kuwa na kitu nje ya kisiwa. Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE), lililoanza biashara 1998, lipo, na siku hizi mtu anaweza kununua hisa kwa simu kupitia Hisa Kiganjani. Kinachowazuia watu wa Malindi si teknolojia.

Tazama kilichomo sokoni. Bia ya TBL, sigara za TCC, na mabenki makubwa, CRDB na NMB, ambayo biashara yao ni riba. Mwislamu anayejali hilo anabakiwa na orodha fupi: saruji, gesi ya TOL, simu, na chache nyingine. Na simu iliwaacha baadhi na kidonda. Vodacom Tanzania iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2017 kwa shilingi 850 kila moja. Bei ikashuka chini ya hapo na kukaa huko kwa miaka. Aliyenunua akidhani atauza mwaka unaofuata alijikuta anauguza subira.

Njia mpya ni sukuk, ambayo mwekezaji analipwa faida inayotokana na mali au mradi, si riba juu ya mkopo. Benki ya KCB Tanzania iliitoa ya kwake mwaka 2022, na Serikali ya Mapinduzi ikatoa ya kwanza ya Zanzibar mwaka 2025, kwa shilingi na kwa dola. Kwa mtu aliyekuwa anaificha pesa kwenye matofali kwa sababu ya dini tu, hii inaondoa udhuru. Ila ya SMZ inalipwa na SMZ, na ukifuata chanzo cha mapato yake utarudi tena kwa mgeni wa hotelini. Si ubaya; ni kitu cha kukijua kabla ya kuweka saini.

Asiye na chochote kati ya hivi anabaki na Pensheni Jamii. Ilianza 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee aliyefikisha miaka 70, na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Ni heshima kubwa kwa nchi ndogo, lakini haitoshi kulisha nyumba.

Kwa hamali na dalali, ZSSF ina mpango wa kuchangia kwa hiari. Tatizo ni kalenda: mchango ukifikiriwa kwa mwezi, bahari hailipi kwa mwezi. Upepo ukichafuka wiki mbili, mnada wa Malindi unapoa, na mchango ndio wa kwanza kurukwa. Mfuko ukitaka kuwapata watu hawa, itabidi ukubali shilingi elfu mbili ya leo, kesho hakuna, keshokutwa elfu kumi. Na serikali, inayopanga kuhamishia shughuli za mizigo Mangapwani, ina nafasi ya kuwaandikisha mahamali kabla hawajatawanyika.