Bangi Nyuma ya Ukuta

Kwa muda mrefu wakazi wa mjini wamezoea kufikiri kwamba bangi ni zao la mbali: la milimani Arumeru, la Morogoro, la Tarime. Habari za kufyekwa na kuchomwa moto kwa mashamba, kama yale ya Kisimiri Juu mwaka 2023, husomwa Dar es Salaam kama mambo ya watu wengine. Fikra hiyo ni ya hatari, na hapana budi iondolewe.

Tuitazame Goba, iliyokuwa Kinondoni na leo imo katika Wilaya ya Ubungo. Palipokuwa na mikorosho na mihogo sasa pana viwanja, kuta ndefu na nyumba zisizokwisha, ambazo wenyewe huishi kwingine. Hatusemi kwamba Goba ni shamba la bangi. Huko kungekuwa kuwadhulumu wakazi wake. Tunasema kwamba kiwanja ambacho mwenyewe hakikagui ni kichaka, hata kikizungushiwa ukuta.

Mmea huu hauhitaji shamba kubwa. Ukipata jua, maji na nafasi, waweza kupita mita tatu. Katika nchi za kaskazini, ambako mchana wa kiangazi ni mrefu, wapo wanaojivunia kukuza miti mikubwa ajabu, kwani mmea huchanua siku zinapofupika. Hapa karibu na ikweta mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Hivyo mbegu za huko aghalabu huchanua mapema zikiwa fupi. Kijana anayeshawishiwa kwa picha za ughaibuni hudanganywa: mavuno hayatakuwa yale, lakini kifungo kitakuwa cha kweli. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza kilimo hicho, na mwenye eneo anayekiruhusu kwa kujua naye ana hatia.

Wapo watakaouliza: mbona Lesotho, Zimbabwe na Malawi zimeruhusu? Swali hilo ni la haki, nalo lijibiwe bila jazba. Nchi hizo zimeruhusu kilimo cha leseni kwa ajili ya dawa na viwanda. Hazikumruhusu kila mtu apande uani. Aidha, mwaka 2020 Umoja wa Mataifa ulipoiondoa bangi katika orodha ya dawa zinazobanwa kuliko zote, uliiacha chini ya udhibiti. Anayetaka sheria yetu ibadilishwe, njia yake ni Bunge.

Kwa walimu tunasema: wafundisheni vijana ukweli mtupu. Bangi hudhoofisha kumbukumbu na umakini, na anayeianza mapema na kuizoea hujiongezea hatari ya ugonjwa wa akili. Ukweli huo watosha. Mwanafunzi akigundua kwamba mwalimu ametia chumvi, hataamini hata lile lililo sahihi.

Kwa watumishi wa kata na mitaa, wajibu ni kuvijua viwanja vilivyoachwa na kuwauliza wenyewe. Aghalabu anayekutwa na ndoo ya maji mkononi ni kijana wa kibarua, ambaye huenda hata faida haioni. Naye ajibu mbele ya sheria, lakini asijibu peke yake. Mtumishi atakayemkamata kibarua na kumwogopa mwenye ukuta atakuwa amefyeka majani na kuiacha mizizi ardhini. Na mvua zikinyesha, yatachipua tena.