Kocha Akichoka, Nani Ataleta Jiwe?



Wapendwa wasomaji wangu, juma hili napenda tutafakari pamoja jambo ambalo wengi wenu hulijadili kwa bidii kuliko mnavyoyajadili mahubiri yangu, nami sina kinyongo kwa hilo. Nalo ni mpira wa miguu, na hasa hukumu tunazozitoa juu ya makocha wa timu zetu wakati msimu ungali mchanga.

Nakumbuka Dominika ya tarehe 19 Oktoba 2025. Jumamosi iliyoitangulia, Yanga ilikuwa imefungwa 1-0 na Silver Strikers ya Malawi, ugenini Lilongwe, katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Baada ya saa chache klabu ikatangaza kuachana na kocha wake, Mfaransa Romain Folz. Misa ya kwanza ilipokwisha nilikuta kundi la waamini chini ya mwarobaini, nje ya kanisa. Mzee mmoja, mwana Jangwani tangu ujana wake, alikuwa amesimama katikati. Mbele yake vijana watatu, mmoja wao amevaa buti za mpira tayari kwenda kazini machinjioni. Nikasogea, nikasikiliza.

Mzee alisema kwamba timu haikuwa ikicheza mpira. Ushindi ulipatikana, ndiyo, lakini bila raha. Kocha aliwaweka benchi watu wanaojua, na alipofanya mabadiliko alikuwa amekwisha chelewa.

"Lakini, mzee wangu," akasema yule wa buti, "kocha huyu kapoteza mechi moja tu. Mwezi uliopita alitufunga sisi Simba kwenye Ngao ya Jamii, nanyi mkamwimba."

"Mwanangu, ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Na haraka haraka, mzee, haina baraka."

Wakacheka wote, kisha wakanigeukia. "Padre, hebu tuamulie." Nilikwepa. Paroko wa Vingunguti ana kondoo wa Jangwani na ana kondoo wa Msimbazi, na akitaka amani hasemi neno. Leo nalipa deni lile.

Kwanza niseme wazi kwamba shabiki ana haki ya kuuliza. Mtu anayeamka alfajiri kwenda kupanga bidhaa zake Buguruni, akatenga sehemu ya kipato hicho kidogo anunue tiketi ya Uwanja wa Benjamin Mkapa, au alipe kiingilio cha kibanda umiza na kuvumilia joto dakika tisini, huyo si mpita njia. Klabu hizi, Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936, zimelelewa na watu wa kawaida wa mji huu. Hata mto Msimbazi, upitao bondeni mwetu ukielekea Jangwani, ni kana kwamba unazitaja zote mbili kila siku. Basi kuuliza kwa nini beki huyu ameanza na yule amekaa benchi, au kwa nini mshambuliaji ameingizwa dakika ya 80, ni sehemu ya mapenzi. Shida yaanza pale swali linapogeuka hukumu kabla ya kusubiri jibu.

Tukumbuke kocha mgeni anakuta nini. Mara nyingi anakuta wachezaji waliosajiliwa bila yeye kuulizwa, na wengine wamefika wiki chache tu kabla ya ligi kuanza. Mwezi Septemba hapati nafasi ya kufundisha: leo ana mechi ya ligi mkoani, baada ya siku chache ana safari ya hatua za awali za mashindano ya Afrika, kisha wachezaji wake bora wanaitwa na timu zao za taifa na kumrudia wamechoka. Kumfundisha mshambuliaji lini akabe na lini asubiri, kumzoesha kiungo ajue mwenzake atakuwa wapi kabla ya kuinua kichwa, ni kazi ya kurudiarudia mazoezini, na mazoezi yanahitaji siku. Tukimwondoa mwalimu huyo mwezi Oktoba, anayemfuata analianza somo upya, kwa wanafunzi wale wale, katikati ya muhula.

Tazameni yaliyotokea. Msimu wa 2024/25, Yanga chini ya Miguel Gamondi wa Argentina ilishinda mechi zake nane za kwanza za ligi bila kuruhusu bao hata moja. Kisha mwezi Novemba ikafungwa mara mbili mfululizo, 1-0 na Azam na 3-1 na Tabora United. Kabla mwezi haujaisha, Gamondi alikuwa amekwisha ondolewa, yeye aliyewapa ubingwa msimu uliotangulia na kuwafikisha robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2024. Upande wa Msimbazi nako hakukuwa na subira zaidi. Robertinho wa Brazil alifungwa na Yanga 5-1 tarehe 5 Novemba 2023, na siku chache baadaye akaondoka. Simba ilimaliza msimu ule ikiwa ya tatu.

Hapa mzee wangu wa mwarobaini atanipinga, na hoja anayo. Atasema: Padre, baada ya Gamondi tulipita mikononi mwa makocha wengine wawili, Sead Ramovic na Miloud Hamdi, na bado tulitwaa ubingwa Juni 2025. Tena baada ya Folz kuondoka, juma lililofuata tuliwafunga Silver Strikers 2-0 tukaingia hatua ya makundi. Ni kweli, nami siwezi kuikana kweli. Lakini ni kweli vilevile kwamba klabu iliyokuwa imefika robo fainali ilianza makundi ya Afrika, chini ya kocha aliyempokea Gamondi, kwa kufungwa 2-0 na Al Hilal ya Sudan, kisha 2-0 na MC Alger ya Algeria, na haikuvuka. Mtoto aliyechapwa akafaulu mtihani hathibitishi kwamba fimbo ndiyo iliyomfundisha.

Msimu huo huo Simba ilimkabidhi timu Fadlu Davids wa Afrika Kusini, kikosi kikiwa kimejaa sura mpya. Katika miezi yake ya mwanzo alifungwa na Yanga mara mbili, Agosti na Oktoba 2024, na maneno yakawa mengi mitaani. Hakuondolewa. Mei 2025 Simba ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, fainali yake ya kwanza ya Afrika tangu ile ya Kombe la CAF mwaka 1993. Kombe lilichukuliwa na RS Berkane ya Morocco, lakini nani kati yetu angeiona fainali ile iwapo uamuzi ungefanyika Oktoba?

Na Gamondi je? Novemba 2025, mwaka mmoja tangu aondolewe Yanga, alikabidhiwa Taifa Stars. Katika AFCON iliyochezwa Morocco, timu yetu ilianza kwa kufungwa 2-1 na Nigeria, ikatoka sare ya 1-1 na Uganda, kisha sare ya 1-1 na Tunisia. Pointi mbili tu, bila ushindi hata mmoja. Kwa hesabu za vibanda umiza, kocha huyo angekuwa amefungasha mizigo baada ya mechi ya kwanza. Kwa pointi hizo mbili Tanzania ilifika hatua ya 16 bora kwa mara ya kwanza katika historia yake, ikatolewa na wenyeji kwa bao moja, Januari 2026.

Sasa nirudi kwenye Dominika ile ya Oktoba, ya 29 ya Mwaka C. Tuliosimama chini ya mwarobaini tulikuwa tumetoka muda huo huo kusomewa somo la kwanza, kutoka kitabu cha Kutoka, na nadhani hatukulisikia. Yoshua anapigana na Waamaleki. Musa yuko kilimani, ameinua mikono. Mikono ikiwa juu, Israeli inashinda. Ikishuka, Amaleki anashinda. Matokeo yanapanda na kushuka, na sababu iko wazi kwa kila aliye karibu: kiongozi amechoka. Haruni na Huri wangeweza kusema kwamba huyu mzee amekwisha, atafutwe mwingine. Badala yake walitafuta jiwe, wakamketisha juu yake, wakaishika mikono yake, mmoja upande huu na mwingine upande ule, mpaka jua lilipozama.

Wapendwa, jiwe ni lile lile. Laweza kurushwa, na laweza kukaliwa.

Angalieni pia kwamba subira ya watu wale haikuwa ya upofu. Walikuwa jirani na Musa, wakauona udhaifu wake, wala hawakujidanganya kwamba hakuna tatizo. Tena ilikuwa na kikomo chake. Ndiyo maana sisemi kocha asiondolewe kamwe. Aliyepewa muda na vifaa akashindwa kazi, na aondoke, kwa heshima. Nasema tu jua lizame kwanza.

Haya nayaandika nikiwa na kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, katika parokia nyingine, tulimteua kijana mmoja kuwa mwalimu wa kwaya. Pasaka yake ya kwanza kwaya iliimba vibaya: sauti ya tatu ilipotea, mpiga kinanda akatangulia mbele peke yake. Malalamiko yalinifikia kabla sijavua mavazi ya Misa. Juma lililofuata nikamwondoa, nikidhani huo ndio uongozi. Baadaye nikaja kujua kwamba alikuwa amepewa kwaya ile wiki tano tu kabla ya sikukuu, na kwamba nusu ya waimbaji hawakuwa wakifika mazoezini. Yeye hakujitetea. Alisema tu, "Sawa, Padre." Kwaya ikapata mwalimu mwingine, ikaimba vizuri. Kijana yule sikumwona tena kanisani.

Kwa hiyo ninaposikia kwamba timu ilibadili kocha na bado ikashinda, huwa nakumbuka kwamba hata kwaya yangu ilishinda.

Tunawaondoa watu wengi namna hii, bila kamera wala watangazaji. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anaingia kidato cha kwanza, anafundishwa kwa Kiingereza. Muhula wa kwanza anashika mkia, na baba anatamka mbele ya wageni kwamba huyu hana akili. Kijana anapelekwa gereji kujifunza ufundi, mwezi wa pili anaharibu kifaa, anaambiwa kazi hii si yako. Mwenyekiti mpya wa jumuiya anaitisha kikao cha kwanza, wanafika watu wanne, na tayari tunaulizana nani alimchagua. Hawa hawana mkataba wala fidia. Wakiondolewa, wanakwenda zao kimya, kama kijana wangu wa kwaya.

Mzee wangu wa Jangwani, nawe kijana wa buti, endeleeni kubishana chini ya mwarobaini. Mabishano yenu hunifurahisha kuliko mnavyojua. Lakini kabla mtu hajatamka "aondoke", juu ya kocha au juu ya mwanawe, naomba atazame jua liko wapi, kisha ajiulize jiwe alilolishika mkononi amelichukua kwa kazi gani.

Nawatakieni nyote juma jema lenye baraka.

Wenu katika Kristo,
Paroko