Wenye picha waliazime taifa



Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe rai yangu kuhusu picha za kuchorwa zilizomo majumbani mwa watu. Rai yenyewe ni fupi. Wananchi wenye picha nzuri za wachoraji wetu waziazime kwa Makumbusho ya Taifa, zionyeshwe hapa Dodoma kwa muda maalumu na kwa mkataba wa maandishi, kisha zirudi kwa wenyewe. Sisemi wanyang'anywe, wala sisemi wazitoe moja kwa moja. Nasema waazime.

Sisi wa nyanda za kati tulipaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hili. Pale Kolo, wilayani Kondoa, kando ya barabara iendayo Arusha, kuna majabali yenye michoro ya watu na wanyama iliyochorwa kwa rangi nyekundu na nyeupe na watu wa kale. Mwaka 1951 Mary Leakey alipiga kambi huko akiinakili, na mwaka 2006 UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Michoro ile haina mwenye ufunguo wake. Iko juu ya jabali, na kila anayepanda mlima anaiona, awe mchungaji au waziri. Ajabu ni kwamba picha za juzi, za wachoraji ambao baadhi yetu tuliwaona kwa macho, ndizo zilizofungiwa ndani.

Picha hizo zipo. Wapo waliozinunua Dar es Salaam katika miaka ya 1970 na 1980, wakati picha ya mtindo wa Tingatinga ilikuwa haihitaji mshahara wa mwezi mzima. Wapo waliozipata Nyumba ya Sanaa, na wapo waliozawadiwa siku ya kustaafu. Tangu Serikali ilipoamua mwaka 2016 kuhamia Dodoma kwa dhati, watumishi wengi wamekuja na familia zao na mizigo yao, na siamini kwamba picha zote zilibaki Dar es Salaam. Ziko Area D, ziko Kisasa, ziko Iyumbu, zimetundikwa juu ya makochi. Anaziona mwenye nyumba, mgeni wake, na fundi aliyekuja kutengeneza feni.

Tukitaka kujua hasara yake, tumtazame Edward Saidi Tingatinga mwenyewe. Mtu huyu kutoka Tunduru alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za kawaida za dukani juu ya vipande vya hadibodi, akafariki mwaka 1972. Ni miaka minne tu. Nyingi ya picha alizochora kwa mkono wake zilinunuliwa na wageni zikavuka bahari. Leo jina lake limekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji, lakini Mtanzania anayetaka kuona kazi ya mkono wake, na siyo ya wanafunzi wa wanafunzi wake, atahangaika sana.

Hali kadhalika Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923, akasoma na kufundisha Makerere, kisha akawa Balozi wetu London baada ya Uhuru. Picha yake ya mwaka 1956 ya watu wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku imo katika hazina ya Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York. Sina ugomvi na watu wa New York. Waliipenda, wakainunua kwa haki. Ninachouliza ni hiki: mtoto wa Mpwapwa, wa Bahi au wa Kongwa anayesoma somo la sanaa ataona wapi picha halisi ya Mtanzania mwenzake? Katika kitabu picha huwa ndogo kama kiganja, na rangi zake si zile. Alama za brashi hazionekani, wala haijulikani kama picha yenyewe ni kubwa kama dirisha au kama bahasha. Nimefundisha miaka mingi na najua kwamba mtoto hujifunza kuchora kwa kutazama kilichochorwa. Treni ya umeme imeanza safari za Dar es Salaam tangu mwaka 2024, hilo ni jambo la kushukuru, lakini si kila shule ya kijijini inaweza kulipa nauli ya darasa zima.

Jambo hili la watu binafsi kushirikiana na makumbusho ya umma wenzetu wamelifanya zamani. Huko Ufaransa alikuwepo tajiri mmoja, Gustave Caillebotte, naye mchoraji, aliyenunua picha za rafiki zake akina Monet, Renoir na Pissarro. Hao ndio walioitwa Waimpreshonisti, na wakati huo wakubwa wa sanaa waliwacheka. Alipofariki mwaka 1894 aliiachia serikali picha zaidi ya 60. Kukatokea mabishano makubwa, na mwishowe serikali ikapokea karibu 40 tu, nyingine ikazikataa. Leo picha hizo zimo Musée d'Orsay mjini Paris, na watu wanavuka bahari kwenda kuzitazama. Kwa hiyo mwananchi anaweza kuona mbele kuliko ofisi, na ofisi inayoletewa mali na mwananchi isiwe na haraka ya kukunja uso.

Lakini tusiende mbali, twende Nairobi. Hayati Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966, alikusanya kwa miaka mingi vitabu, nyaraka, nguo, vinyago na picha za Afrika. Katika miaka ya 1970 aliiuzia serikali ya nchi yake mkusanyo huo pamoja na nyumba yake ya Muthaiga, kwa matumaini kwamba nyumba ile ingekuwa taasisi ya kusomea mambo ya Afrika. Mkusanyo ulisalimika, na tangu mwaka 2006 sehemu yake kubwa inaonyeshwa katika jengo la Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, katikati ya jiji, ambako mwananchi wa kawaida anaingia na kuona. Nyumba haikusalimika. Ilibomolewa, na mzee yule akafariki mwaka 1990 akiwa ameyaona hayo kwa macho yake.

Nataja yote mawili makusudi. Wapo watakaosoma barua hii waseme: "Nikiipeleka picha yangu serikalini ndiyo basi tena, nitaikuta ofisini kwa mkubwa fulani." Hofu hiyo haina ubaya, kwani mali ni ya mtu na kaitolea jasho. Ndiyo sababu nikasema waazime, wala wasitoe. Na wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi liwepo daftari. Mkataba utaje jina la mwenye picha, jina la mchoraji, ukubwa wa picha, hali yake siku ilipopokelewa, na tarehe ya kurudishwa. Ipigwe picha mbele na nyuma, nakala apewe mwenyewe. Iwekewe bima. Isihamishwe chumba kingine bila yeye kuarifiwa, na isitundikwe katika ofisi ya mtu yeyote, hata awe nani. Chini yake liandikwe jina la aliyeiazima, kama mwenyewe atapenda, maana wengine hawapendi majirani wajue walicho nacho.

Kwa upande wa Serikali, Makumbusho ya Taifa yana sheria yake tangu mwaka 1980, na vituo vyake vinafahamika Dar es Salaam, Arusha, Butiama na Songea. Dodoma sasa ni makao makuu kwa sheria ya mwaka 2018. Siombi jengo la mabilioni. Nyumba kubwa huanza na tofali moja. Naomba Makumbusho na Halmashauri ya Jiji watenge chumba kimoja chenye kuta imara, mlango wa kufungwa na mtu wa kukilinda. Wanaoijua Dodoma wanajua maadui wa picha hapa: vumbi la mwezi wa Agosti, jua la mchana na mchwa. Madirisha yazibwe vizuri, jua lisipige ukuta wenye picha, na fremu zisigusane na sakafu. Haya hayahitaji mtaalamu kutoka nje.

Tena mfano uanze na wenye nguvu. Mashirika ya umma na mabenki yana picha katika korido na vyumba vya mikutano. Hizo zilinunuliwa kwa fedha za umma, au kwa faida iliyotokana na umma. Zikitangulia hizo kumi au kumi na tano, na zikarudi kwa wakati bila mkwaruzo, mwananchi mwenye picha moja sebuleni atapata moyo.

Mwisho nawaambia wenye picha, hasa wazee wenzangu. Sisi tunajua tulichonunua, lakini watoto wetu wengi hawajui. Siku ya kugawana mirithi watagombea kiwanja na gari, na ile hadibodi yenye picha ya chui itazibia banda la kuku. Picha iliyowahi kuonyeshwa, ikaandikwa jina na tarehe, hata mjukuu ataiogopa. Kwa hiyo anayeliazima taifa anailinda na mali yake mwenyewe.

Wahusika wakilipokea wazo hili, watangaze katika gazeti hili wapi tupeleke picha na nani atazipokea. Yangu ni mawili tu, na yataondoka ukutani siku hiyo hiyo.



Mwalimu Mstaafu,
Kikuyu, Dodoma.